Bakteria wa asidi hawataki asetati, nawaambia

Jamani mtu asije akawadanganya kuhusu hawa bakteria wanaoishi kwenye asidi. Kila niliyemuuliza niwalishe nini jibu lake lilikuwa moja, wape asetati, ile chumvi ya asidi ya siki, hakuna bakteria anayeikataa. Sawa, wa kawaida. Mimi nilikuwa na Acidiphilium cryptum, ukoo wa maji ya migodini, pH 3 hivi, yaani asidi kali, shaba na zinki zimejaa humo na wao wanakula tu. Nikawapa asetati. Chupa ikakaa angavu vilevile, hakuna kilichoota, halafu mjuaji mmoja akasema ni shaba imewaua. Shaba wapi! Hao ndani ya seli wana chaji chanya, ayoni za metali zinasukumwa nje, na zinazopenya zinatolewa kwa pampu. Muuaji ni asetati yenyewe, kwenye asidi inageuka asidi asetiki isiyo na chaji, inaingia kwenye seli bila hodi, ikifika ndani ambako pH inakaribia 7 inaachia protoni, seli inachacha. Nikaweka glukosi, tena kidogo tu, shaba ileile sikuipunguza, wakaota mpaka maji yakawa mazito.

Agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, msiichemshe pamoja na asidi kwenye otoklevu (sufuria ya mvuke wa presha), inakatikakatika inabaki uji, haigandi hata uilaze kwenye friji. Chemsha kila kimoja kivyake, changanya vikishapoa mpaka nyuzi 50 hivi, mimina fasta.

Sasa utamu wenyewe. Sina mashine ya bei mbaya ya kupima sukari nijue kama wanaila, nikatia salfeti ya chuma ile ya feri, gharama yake ya kawaida tu, maji yakawa manjano, nikafunga chupa hewa iwe kidogo. Hawa jamaa wakivunja glukosi elektroni zake wanazitupia chuma, feri, chuma cha manjano, inapokea elektroni inakuwa ferasi, na rangi inapauka, yaani unawaona wakila kwa macho! Chupa ya pembeni isiyo na bakteria ikabaki na manjano yake. Ila pH iwe chini ya 2.5, ukipandisha chuma kinajitengenezea matope chenyewe, rangi inapotea na wewe unashangilia bure.

Kuna anayenisukuma sasa niwape fenoli, kemikali yenye sumu. Kwa kula fenoli namjua bakteria mwingine wa asidi, Acidicaldus organivorans, naye anapenda joto la nyuzi 50 na kitu, kwa hiyo kwanza nitafute inkubeta (kabati la joto la kuoteshea) inayofika huko, hii yangu inahema ikipita 40.