Siku pistoni ilipojamu njia ya Kyela

Pikipiki ilikuwa ya mkononi, ya Kichina, cc 125, niliyoinunua mwaka 2012. Injini yake ilifuata muundo wa Honda CG125, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1976: silinda moja, valvu zinasukumwa na fito, hakuna cheni ya taimingi ya kulegea. Kila fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, aliweza kuifungua na kuifunga. Mimi nilikuwa nachukua mchele Kyela kwa mama mkubwa na kuuleta Mbeya mjini, na kilichonitesa ni mlima. Kyela iko mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari. Unapanda hadi Tukuyu, unapita Kiwira, unazidi kupanda mpaka Isyonje ndipo uteremke Uyole. Pale Isyonje, na gunia nyuma, nilikuwa natambaa kwa gia ya pili, Fuso za ndizi zikinipita na kuniachia moshi wote.

Fundi wangu alikuwa mzee wa makamo, mpole, asiyependa haraka. Nilipomwambia nataka nguvu, alinyamaza kidogo, akasema tuivalishe pistoni ya injini ya cc 150.

Pistoni ya 125 ina kipenyo cha milimita 56.5, ya 150 ina 62. Mwendo wake wa kupanda na kushuka ni ule ule, 49.5, na pini ni ile ile ya milimita 15, kwa hiyo inakubali kukaa kwenye konrodi ya zamani, ule mkono unaoishika pistoni, bila ugomvi. Kazi iko kwenye silinda. Shingo ya silinda ya 150 ni pana, haiingii kwenye mdomo wa injini ya 125. Lazima injini ipasuliwe yote, mabeseni yake mawili, yaani nusu mbili za mwili wa injini, yapelekwe kwa fundi wa kukereza vyuma yatanuliwe mdomo. Nilisimama pale nikiangalia vipande vya alumini vikidondoka kama nyuzi zinazong'aa, na nakiri nilikuwa na furaha ya mtoto. Ukishatanua hapo hakuna kurudi.

Kitu kimoja sikukinunua: kichwa, kile kinachofunika silinda kwa juu. Silinda hedi ya 150 ilikuwa ghali, na fedha ilikuwa imeishia kwa mkerezaji. Nikamwomba fundi arudishe ile ya zamani.

"Mwanangu," akaniambia, "chumba cha moto ni kile kile kidogo, na sasa unakishindilia hewa nyingi. Mgandamizo utapanda."

Ulikuwa kama 9 kwa 1, yaani hewa inabanwa hadi sehemu moja ya tisa. Kwa hesabu yetu ungepita 10. Nikasema itavumilia. Yeye hakuwa mtu wa kubishana na mwenye mali, akafunga.

Kisha tukatafuta jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli; namba ikiwa kubwa, petroli inapita nyingi. Mbeya mjini uko juu, mita kama 1,700, hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta huku juu hulewa petroli. Tulianza na jeti kuu ya 98, plagi ikatoka nyeusi, imejaa masizi. Tukashuka hadi 92. Plagi ikatoka rangi ya biskuti, safi kabisa, na pikipiki ikaondoka kama imesukumwa mgongoni. Nilizunguka taratibu wiki nzima kuilainisha, nikapanda nayo Isyonje kwa gia ya tatu. Nilipofika juu nilisimama, nikazima, nikakaa tu kuiangalia.

Jumamosi iliyofuata niliteremka Kyela. Mama mkubwa alinifungia gunia na mkungu wa ndizi juu yake. Saa nane mchana nikaondoka, jua la Kyela likiwa pale pale linapokaaga, na nikafungulia mafuta yote kwenye tambarare kwa sababu sasa nilikuwa na injini.

Nilipoipita njia panda ya kwenda mpakani Kasumulu, barabara ikaanza kuinuka, nikasikia sauti. Ilikuwa ndogo, kavu, kama punje za mahindi zinazodondoka kwenye sufuria tupu. Nilidhani ni kava imelegea. Nikaongeza mafuta. Nguvu zikapungua, nikaongeza tena, na ghafla gurudumu la nyuma likakaza kabisa, likaburuza lami. Mkono wangu ulibana klachi kabla akili haijafika. Nikaserereka hadi pembeni, nikashuka miguu ikitetemeka. Kiki haikushuka hata nilipoisimamia kwa uzito wangu wote. Kutoka kwenye mapezi ya silinda ilikuja harufu ya oili iliyoungua.

Nilikaa chini ya mwembe karibu saa nzima. Injini ilipopoa, kiki ikakubali, kwa kukwaruza. Nilifungua plagi. Kauri yake ilikuwa nyeupe kama chaki, na juu yake kulikuwa na chembe ndogo ndogo zinazometameta. Zilikuwa za pistoni yangu.

Dereva wa Fuso ya ndizi alinipakia hadi Uyole, Mungu ambariki.

Fundi alipotoa silinda hakusema "nilikuambia". Alinionyesha kwa kidole: upande wa eksosi pistoni ilikuwa imechubuka, ringi zimebanwa na alumini iliyoyeyuka. Akanieleza polepole kwamba jeti ya 92 ilikuwa sahihi Mbeya, lakini nilipoteremka mita zaidi ya 1,000 hewa ikawa nzito na petroli ikawa haba kwake. Moto ukazidi ukali. Kichwa kidogo nacho kikaongeza mgandamizo, petroli ikaanza kulipuka kabla ya wakati, na ndiyo zile punje za mahindi nilizosikia. Pistoni ikavimba kuliko nafasi yake, nafasi ambayo ni nyembamba kuliko unywele.

Nilifanya vibarua miezi miwili. Safari hii nilinunua pistoni mpya na kichwa cha 150, vyote pamoja, na kwenye mfuko wa shati nikawa natembea na kichupa cha dawa chenye jeti mbili, 92 na 100. Nikiteremka, nilisimama Tukuyu kwenye ukungu, nikafungua bakuli la kabureta, nikabadilisha, petroli baridi ikinitiririkia vidoleni. Nikipanda na mchele, nilisimama pale pale nikairudisha ya Mbeya.