Kumbukumbu ya mradi wangu: tapeti za pikipiki nne

Jumamosi hii nimerekebisha tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya vali na mkono unaoisukuma, za Honda CG125 yangu, na kwa kuwa daftari hili nililianzisha ili kulinganisha pikipiki za zamani za matumizi ya kawaida, zile ambazo dereva hukaa wima bila kuinamia usukani, nimeona niandike jinsi kila moja inavyofungua vali zake, yaani milango midogo ya kuingiza hewa na mafuta na kutoa moshi kwenye silinda.

Triumph Bonneville T120, iliyotoka Uingereza mwaka 1959, ina silinda mbili za jumla ya ujazo wa sentimita 649 (sisi). Kemshafti zake mbili, yaani shafti zenye nundu za kufungulia vali, zimekaa chini, moja mbele na nyingine nyuma ya silinda, nazo huzungushwa kwa gia na kusukuma vali kwa pushirodi, fimbo ndefu zinazopeleka msukumo juu. BMW R75/5 ya Ujerumani, ya mwaka 1969, nayo hutumia pushirodi, ila silinda zake zimelala kulia na kushoto, kiasi kwamba fundi huchuchumaa kando, akafungua kifuniko na kuzikuta vali mbele ya macho yake. Kwa urahisi wa matengenezo, naihusudu hiyo kuliko zote.

Mwaka huohuo wa 1969, Honda ya Japani ilileta CB750 yenye silinda nne, breki ya diski mbele na kemshafti iliyopandishwa juu kwenye hedi (kichwa cha silinda), ikizungushwa na cheni inayopita katikati ya silinda. Ilitoa nguvu farasi 67, ilhali Bonneville ya kwanza ilitoa 46 hivi.

Swali lililonisumbua wiki nzima ni kwa nini kampuni hiyohiyo, ilipotoa CG125 mwaka 1976, ilirudi kwenye pushirodi. Jibu nililiona nilipofungua injini. Kemshafti iliyo juu hutaka oili safi ipande hadi kwenye hedi na cheni yake ikazwe kwa wakati, lakini CG ilikusudiwa nchi zenye vumbi, mizigo mizito na wenye pikipiki wanaochelewa kubadilisha oili. Kemshafti yake iko chini, inashikana moja kwa moja na gia ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), na ina nundu moja tu inayoinua vali zote mbili kwa zamu. Si ajabu kwamba bodaboda nyingi za Kichina mitaani kwetu zimeiga muundo huo.

Kazi yenyewe haikwenda vizuri mara ya kwanza. Injini ilikuwa baridi na pistoni iko juu mwisho wa mgandamizo, nikaweka nafasi ya milimita 0.08 kwa bamba jembamba la kupimia, nikakaza nati. Nilipolirudisha bamba la kupimia likagoma kuingia, kwa sababu nilisahau kuishikilia skrubu ya kurekebishia nafasi hiyo na ikazunguka pamoja na nati. Nimerudia mara tatu. Sasa inawaka kwa kiki ya kwanza na ule mlio wa tiki-tiki umepungua, ingawa vali ya ekzosi nitaipima tena baada ya kilomita mia tano.