Tour du Rwanda: usisimame tambarare

Wanaokwenda Kigali Februari kuangalia mbio za baiskeli za Tour du Rwanda, nasema: tambarare hakuna kitu. Kundi linapita kwa kilomita 45 kwa saa au zaidi, unaambulia upepo na rangi za jezi. Panda Kwa Mutwe, ule mlima mkali wa barabara ya mawe mtaa wa Kimisagara. Ni mita 400 hivi tu, ila mwinuko ni wastani wa asilimia 11 hivi. Pale kundi linakatika vipande, midomo wazi, minyororo inagongagonga kwenye mawe. Fika mapema, barabara ikishafungwa hata moto, pikipiki ya abiria, haikuvushi.

Jezi ya njano si ya mshindi wa siku, ni ya mwenye jumla ndogo zaidi ya muda. Waliomaliza kundi moja hupewa muda uleule, kwa hiyo bonasi ya kupunguziwa sekunde 10, 6 na 4 kwa watatu wa kwanza pale mstarini huweza kuamua wiki nzima. Andika tofauti za muda kila jioni, utaelewa kwa nini fulani hakushambulia, yaani hakuchomoka kundini.

Na simu irudishe kifuani! Tour de France ya 2021, bango moja la shabiki liliangusha makumi ya waendeshaji.