Baiskeli Miguu Juu

Kwa muda wa miezi mitatu hivi baiskeli yangu ilikuwa ikilia kama panya aliyebanwa mlangoni. Kwii, kimya, kwii, kimya, kila nikikanyaga pedali. Dawa niliyoijua ilikuwa moja tu: mafuta. Ikilia, naitilia. Na hata hayo mafuta hayakuwa yangu. Nilikuwa nikiyachota kwa Mama, mafuta ya cherehani, kwenye kichupa chenye mdomo mrefu anachokiweka kwenye droo ya meza ya kushonea. Nilikuwa na miaka 19 na nilijiona fundi.

Mafuta ya cherehani ni mepesi mno. Ndani ya cherehani yamefika kwao, maana mle hakuna mvua wala matope. Kwenye mnyororo wa baiskeli hayakai hata kidogo. Siku mbili tu kilio kinarudi, nami naongeza tone, na kila tone linakaribisha vumbi jipya lije likae juu ya lile la zamani.

Mama hakugundua kilio, aligundua kichupa.

"Mafuta yangu yanakwenda wapi?"

Nikamwambia.

"Na kabla ya kutia, huwa unasafisha?"

"Nasafisha, Mama."

Nilikuwa nikipitisha tambara juu ya mnyororo mara moja, mbio mbio, na hiyo ndiyo niliyoiita kusafisha. Mama hakusema kitu, ila Jumamosi iliyofuata, baada ya chai, nilijikuta nimeipindua baiskeli miguu juu barazani, imesimamia kiti na usukani, nami nimechutama nyuma yake na alenki, ule ufunguo wa pembe sita, mkononi.

Kwa asiyeijua, deraila ya nyuma ni ule mkono unaoning'inia chini ya sproketi, yale magurudumu madogo yenye meno yaliyo katikati ya gurudumu la nyuma. Kazi zake ni mbili: kuusukuma mnyororo uhamie sproketi nyingine unapobadili gia, na kuukaza ili usilegee. Kazi ya kukaza hufanywa na kifremu chenye springi, ambacho ndani yake mna puli mbili ndogo, moja juu na nyingine chini. Mnyororo huzipita kwa mzunguko kama herufi S. Hiyo S ndiyo iliyonila jioni yangu yote.

Kabla ya hapo sikuwa nimewahi kuiangalia deraila kwa karibu. Nilipoinama nikaona kwamba puli zangu hazikuwa na meno. Yaani meno yalikuwepo, lakini mapengo yote katikati yalikuwa yamejaa tope jeusi, gumu kama nta, lenye kung'aa. Nikalichokonoa kwa ncha ya bisibisi, likabanduka kipande kizima, kimeshika umbo la mapengo kama kitu kilichotolewa kwenye kalibu. Nikachokonoa tena, kikatoka kingine. Nakiri kwamba ilikuwa raha. Nilikaa hapo zaidi ya ilivyohitajika, nikivipanga vipande sakafuni.

Kisha nikafungua boliti za puli, zote mbili za milimita 3. Bamba la ndani la kifremu likaachia, puli zikaniangukia kiganjani, na mnyororo ukabaki unaning'inia wenyewe. Kwenye ekseli ya puli ya chini palikuwa pamejiviringa nywele, jani kavu la nyasi, na uzi mwekundu. Uzi ule niliujua. Baiskeli ilikuwa ikilala chumba kimoja na cherehani.

Kila puli ilikuwa na vifuniko viwili vya bati, kimoja kila upande, na katikati bomba dogo la chuma, fupi kuliko ukucha wa kidole gumba. Kilio kilitoka hapo. Bomba la puli ya chini lilikuwa kavu kabisa, limeingia kutu. Mafuta yangu ya miezi mitatu hayakuwahi kufika ndani, yaliishia nje, kwenye tope.

Nikamimina mafuta ya taa kwenye kopo, nikazitumbukiza puli, vifuniko na mabomba. Petroli ingeng'oa uchafu upesi zaidi, lakini mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu, na hata kichwa changu cha miaka 19 kilikuwa na mpaka. Kwa kusugulia nikachukua brashi ndogo niliyoikuta kwenye droo ileile ya Mama. Meno yakatokeza, nikayahesabu: 11 kila puli. Nikaosha kwa maji ya sabuni, nikakausha, nikapaka grisi kidogo ndani.

Puli moja ilinitia wasiwasi. Ilikuwa ikicheza kushoto na kulia juu ya bomba lake, milimita moja hivi, wakati mwenzake imetulia. Nikasema imekwisha hii, imelika. Kumbe ni makusudi. Kwenye deraila nyingi puli ya juu huachiwa nafasi ya kucheza ili ijiweke yenyewe sawa chini ya sproketi iliyochaguliwa. Siku hiyo sikulijua hilo, kwa hiyo nikaona heri ile "mbovu" iende mahali pasipo na kazi kubwa. Nikaifunga chini.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilitokana na baiskeli kuwa miguu juu. Kila nilipowaza "puli ya juu", macho yalinionyesha ya chini. Nikaupitisha mnyororo kwa kukisia, nikarudisha bamba, nikakaza boliti, nikafurahi, nikazungusha pedali.

Krrrrr.

Kilio cha panya kilikuwa kimekwisha. Sasa ilikuwa sauti ya chuma kukwaruzana na chuma, bila kupumzika, na pedali imekuwa nzito. Mtu mwenye akili angefungua alichokifunga sasa hivi. Mimi nikaziendea skrubu. Deraila ina skrubu mbili ndogo zenye herufi H na L. Ya H huizuia isivuke sproketi ndogo kabisa, ya L isivuke ile kubwa. Hazina uhusiano wowote na mkwaruzo ule, na nilipoanza kazi zilikuwa sawasawa. Nikazungusha H. Krrrrr. Nikazungusha L, karibu mizunguko miwili, kisha nikabadili gia kujaribu. Mnyororo ukapanda sproketi kubwa, haukusimama, ukaivuka, ukatumbukia kwenye pengo kati yake na spoku. Gurudumu likakwama.

Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour de France, alizichukia deraila, na mashindano yale hayakuziruhusu hadi 1937, yeye alipokwisha kuachia usukani. Niliposoma habari hiyo zamani nilimwona mzee mkaidi. Jioni ile, vidole vimechubuka nikiukwanyua mnyororo kutoka kwenye spoku, nilimwona mwenye busara.

Giza lilikuwa linaingia Mama alipotoka na taa. Alikuwa ameshasikia krrrrr kwa saa nzima.

"Kwani hiyo baiskeli hupandwa miguu juu?"

"Hapana, Mama."

"Basi isimamishe nione."

Nikaisimamisha. Akashika kiti kwa mkono mmoja, akanyanyua gurudumu la nyuma kutoka sakafuni, mkono wa pili ameshika taa. "Zungusha." Nikazungusha polepole. Mama hakujua deraila ni nini wala hakuuliza. Aliufuata mnyororo kwa macho, kutoka kwenye sproketi kushuka, puli ya kwanza, puli ya pili, kisha kwenda mbele kwenye pedali. Namna hiyohiyo hufuata uzi wa cherehani unapokatika ovyo: kutoka kwenye kibiringo, kupita kila kijishimo na kila kindoano, mpaka kwenye tundu la sindano.

"Simama. Hapo uzi umepita wapi?"

Kati ya puli mbili, kwenye bamba la kifremu, kuna kijiulimi cha chuma kilichokunjwa, ukubwa wa punje ya mchele. Mnyororo hutakiwa kupita kati yake na puli, nacho huuzuia usichomoke. Wangu ulikuwa umepita upande wa nje, umekilalia, na kila pingili ilikuwa ikikikwaruza ikipita. Kijiulimi kilikuwa kimekwisha kung'aa kama kijiko.

"Tunga upya," alisema. "Tangu mwanzo, usiunge katikati."

Nikafungua puli zote mbili tena, safari hii baiskeli ikiwa imesimama, imeegemea ukuta. Nilipoishika ile inayocheza na kuiangalia vizuri kwenye taa nikaona ina maandishi madogo ubavuni, yamechongwa kwenye plastiki, yakisema yenyewe kwamba mahali pake ni juu. Nilikuwa nimeisafisha kwa nusu saa bila kuisoma. Nikaziweka kila moja kwao, nikalaza mnyororo ndani ya kijiulimi, nikafunga. Mama akanyanyua kiti, nikazungusha.

Kulikuwa kimya, ila tik-tik-tik ya frii-wili nilipoacha pedali.

Skrubu nilizozivuruga zilinichukua asubuhi yote ya Jumapili. Nilikaa nyuma ya baiskeli, jicho moja limefumbwa, nikiisogeza H robo mzunguko kwa robo mzunguko mpaka puli ya juu ikakaa mstari mmoja na sproketi ndogo, kisha L kwa ile kubwa. Nilikuwa nimenunua mafuta ya mnyororo. Tone moja kila pingili, tone moja kila kiungio cha deraila, nikausukuma mkono wake huku na huku kwa kidole yaingie, halafu nikafuta. Kufuta kulichukua muda kuliko kutia. Mafuta yanayofanya kazi ni yale yaliyo ndani ya pingili, ya nje hukusanya vumbi tu.

Nilikuwa bado nafuta nikasikia droo ikifunguliwa ndani.

"Brashi yangu ya cherehani iko wapi?"

Ilikuwa kwenye kopo la mafuta ya taa, nyeusi, nywele zake zimelala upande mmoja. Nikaenda nayo mpaka mlangoni. Mama akaiangalia, hakuipokea.

"Hiyo sasa ni yako," akasema. "Na kichupa uniachie."