Lita Moja Si Kilo Moja

Agizo lilikuwa vipande 60 vya sabuni, kila kimoja gramu 100 kikishakauka, na nilipewa wiki sita. Kwa sabuni ya baridi, ile ambayo mafuta hayapikwi bali huachwa yaungane na kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kwa joto lao wenyewe, wiki sita si nyingi. Nne kati ya hizo ni za kukausha tu rafuni. Zilibaki mbili za kutengenezea, na nilikuwa na mtoto wa miezi 14 aliyeanza kutembea na kuvuta chochote kilicho pembeni mwa meza. Usingizi wake wa mchana, siku ya neema, ulifika saa moja na nusu.

Kabla ya sabuni nilikuwa nageuza rekodi za sauti kuwa maandishi. Rekodi safi ya saa moja hula kama saa nne za kuandika, na ikiwa wanaongea watu watatu kwa pamoja, jiandae kwa sita. Kazi ile inakatika vizuri: mtoto akiamka unabonyeza kitufe, ukirudi unaanzia ulipoachia. Ila inataka ukimya, na ukimya ndio ambao nyumba yangu haikuwa nao. Sabuni ni kinyume chake. Kelele haziisumbui hata kidogo, lakini ina kipande kimoja cha dakika 20 hadi 30 ambacho ukikianza huwezi kukiacha: tangu maji ya kostiki yanapoingia kwenye mafuta hadi yote yanapomiminwa kwenye kalibu. Baada ya hapo sabuni haina haja nawe siku nzima, na ukishaikata haina haja nawe mwezi mzima. Wenzangu wengi wanaotafuta kazi ya nyumbani huuliza kwanza inalipa kiasi gani. Mimi siku hizi huuliza inakatikia wapi.

Kalibu yangu ilikuwa ya mbao, imetandikwa karatasi ya kuokea, na ilitoa vipande 12. Kwa hiyo zilihitajika kalibu tano. Kila moja ilikuwa na mafuta kilo moja: gramu 300 za nazi kwa ajili ya povu, 400 za mawese ili kipande kiwe kigumu, na 300 za alizeti ili kisikaushe ngozi. Kila mafuta yana kiwango chake cha kostiki. Gramu moja ya mafuta ya nazi inahitaji gramu 0.183, mawese 0.142, alizeti 0.135. Ukizidisha na kujumlisha unapata 54.9, 56.8 na 40.5, jumla 152. Hiyo ni kostiki ya kumaliza mafuta yote, na hakuna anayetaka kuyamaliza yote, kwa sababu mizani ikikosea kidogo tu inabaki kostiki badala ya mafuta. Unapunguza asilimia 5. Zikabaki gramu 145, pamoja na maji mara mbili yake, gramu 290.

Kostiki sikuigusa mtoto akiwa macho. Usiku mmoja, baba watoto akiwa amekaa naye chumbani na mlango umefungwa, niliipima yote kwa mpigo: makopo matano ya plastiki ngumu, gramu 145 kila moja, yamefungwa, yameandikwa, yakapanda kabati la juu lenye kufuli. (Kostiki haihifadhiwi kwenye chupa iliyowahi kuwa na kinywaji, hata kwa usiku mmoja, hata ukiiandika.) Kila asubuhi, kabla baba watoto hajaondoka, nilivaa glavu na miwani, nikafungua madirisha, nikamimina kostiki ndani ya maji kidogo kidogo huku nakoroga. Ni kostiki kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Ukigeuza, inachemka ghafla na kuruka. Joto hupanda kupita nyuzi 80 ndani ya dakika moja au mbili, na mvuke wake unakaba koo, kwa hiyo uso unaukalisha mbali. Chombo kiwe cha chuma cha pua au plastiki ngumu inayostahimili joto. Alumini haifai kabisa: kostiki huila na kutoa hewa ya haidrojeni, na sufuria inatoboka. Mchanganyiko unafunikwa, unarudi kabatini, na kufikia usingizi wa mchana umepoa.

Kalibu tatu za kwanza, Jumatatu hadi Jumatano, zilikwenda kama zilivyopangwa. Mafuta yakiyeyushwa na kushuka hadi nyuzi 40, kostiki inaingia, blenda ya mkono inafanya kazi kwa vipindi vifupi, na unangoja alama: ukiinua mwiko, uzi unaodondoka unabaki juu ya mchanganyiko kwa sekunde chache kabla ya kuzama. Hapo unatia manukato, gramu 30 kwa kilo ya mafuta, kisha unamimina.

Alhamisi mizani ilikufa. Iliwaka, ikaandika tarakimu nusu, ikazima. Betri za akiba hazikuwepo, mtoto alikuwa amelala dakika kumi zilizopita, na kostiki ya siku hiyo ilikwisha kuchanganywa asubuhi. Nikatazama jagi. Lina mistari ya mililita, safi kabisa, na kostiki ilikuwa imeshapimwa kwa gramu, ile ya hatari. Mafuta ni mafuta tu. Nikayeyusha nazi na mawese, nikapima mililita 300, 400 na 300.

Kilichonidanganya zaidi ni kwamba ilikwenda vizuri. Alama ilitokea mapema kuliko siku nyingine na nikafurahi kuokoa dakika tano. Ijumaa nikarudia vilevile, kwa kuwa Alhamisi haikuleta shida, na betri nilizisahau tena.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya mafuta yaliyopashwa joto kidogo haifiki. Ni kama gramu 915. Pungufu la gramu 85 linaonekana dogo mpaka ulipeleke kwenye hesabu: mafuta yale yalihitaji kama gramu 139 za kostiki ili yaishe yote, na mimi nilitia 145. Ile asilimia 5 ya usalama ililiwa yote, na juu yake zikabaki kama gramu 6 za kostiki isiyo na pa kwenda, ndani ya kila kalibu.

Jumamosi nilipokata, kalibu tatu za kwanza zilikatika kama jibini. Ya nne ilipasuka pembeni ya kisu, na makombo yake yalikuwa makavu. Kwa juu ilikuwa na unga mweupe. Unga huo peke yake haumaanishi kitu: mara nyingi ni kostiki ya usoni iliyokutana na hewa kabla haijaungana, ikageuka magadi, na hukwanguliwa tu. Kwa hiyo nikaukwangua. Mpasuko nikausingizia mawese na baridi ya usiku. Mtu akitaka sababu ya kutopoteza vipande 24, sababu hazikosekani.

Ulimi ndio uliokata maneno. Unalowesha kidole, unasugua kipande, unagusa ncha ya ulimi mara moja. Sabuni nzuri ina ladha ya sabuni. Yenye kostiki inapiga kama betri. Usifanye hivyo siku ya kwanza, kwa sababu sabuni changa nyingi bado zinauma. Subiri siku tatu. Siku ya tatu kalibu tatu zilikuwa kimya na mbili zikapiga. Nikajipa mpaka siku ya saba, nikigusa ukingo na katikati, kwani wakati mwingine sehemu moja tu ndiyo haikuchanganyika vizuri. Zilipiga kila mahali kwa nguvu ileile. Hapo ndipo nilipolikumbuka jagi.

Watu husema sabuni ya namna hii iachwe tu ikomae. Kukomaa huondoa maji. Kostiki iliyokosa mafuta inabaki humohumo. Kile kidogo kilicho juu hugeuka magadi na cha ndani hakigusiki. Kuna pia wanaoitia siki ili kuipoza, wakati siki huvunja na sabuni yenyewe. Dawa ni kurudisha mafuta yaliyokosekana, na kwa kuwa nilijua kosa lilikuwa nini, nilijua pia kiasi: gramu 85 kwa kalibu, 170 kwa zote mbili. Kama ningekosea bila kujua nimekosea wapi, zile zingekuwa taka.

Nilitumia mawese. Alizeti ingekuwa rahisi kuchanganya, lakini alizeti ikizidi sabuni hupata madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta yaliyochina baada ya miezi michache.

Kukwaruza vipande 24 kwa kikwaruzo cha mkono, ndani ya glavu, huku umevaa barakoa kwa sababu vumbi la sabuni kali linachoma pua, kulichukua saa moja na robo. Mtoto alikuwa amelala wa usiku. Makombo yote, kama kilo 2.6, yaliingia kwenye sufuria ya chuma cha pua ya lita 8, na hiyo nikaikalisha juu ya sufuria nyingine yenye maji yanayochemka, ili moto usiguse sabuni moja kwa moja. Juu yake mawese yaliyoyeyushwa, na maji gramu 250. Maji ni pale ambapo mkono hupenda kuongeza. Kila unachoongeza kitakuja kukaushwa, na sabuni yenye maji mengi husinyaa na kupinda kama ulimi wa kiatu. Nikafunika, nikawa nakoroga kila baada ya dakika 15, mwiko ukifika chini.

Kwa nusu saa haikutokea kitu. Makombo yalikaa makombo. Kisha kingo zikaanza kulainika na kung'aa, na kufikia saa ya pili rundo lote lilikuwa zito, linaloonyesha mwanga kidogo, kama vaselini iliyoachwa juani. Nikachota kiasi cha punje, nikakipoza, nikagusa ulimi. Kimya. Nikasubiri dakika 15 nyingine, nikachota chini kabisa ya sufuria. Kimya.

Sabuni iliyopikwa haimiminiki. Unaichota kwa kijiko na kuishindilia, kisha unagongesha kalibu mezani kwa nguvu ili hewa itoke, mara kumi au zaidi, jambo ambalo saa tano ya usiku ndani ya nyumba yenye mtoto lina gharama zake. Niligongesha juu ya taulo lililokunjwa mara nne. Hewa haikutoka yote.

Asubuhi nilipata vipande 23. Cha ishirini na nne kilibaki kuta za sufuria. Vilikuwa salama, vinatoa povu sawa na vingine, na vilikuwa na sura mbaya: mabaka, vishimo, kingo zisizonyooka. Nilimpigia mteja siku hiyohiyo, zikiwa zimebaki wiki nne na ushei, kwa sababu habari kama hiyo ikifika siku ya kukabidhi huwa ni habari nyingine.

"Vina tofauti gani, dada?" akauliza.

"Sura tu. Vimepikwa mara ya pili."

"Harufu?"

"Ileile, ila imepungua." Moto huondoa manukato. Nilikuwa nimeongeza mengine kidogo sabuni ilipopoa, lakini si ya kutosha.

Akavitaka vyote kwa bei ya chini, vifungwe peke yake.

Siku ya kufunga nilipima kila kipande, kwa mizani yenye betri mpya na pakiti ya akiba kando. Vile 36 vilikuwa gramu 100 hadi 104. Vya kupikwa, kwa kuwa vilikuwa na maji zaidi ya kupoteza, vilikuwa kati ya 93 na 97. Lebo zangu zote zilikuwa zimeshachapwa "gramu 100". Nikachapa nyingine za 90, kwani uzito wa kwenye lebo ni ule anaoupata mnunuzi mkononi, na sabuni huendelea kupungua hata ikiwa dukani.

Nilihesabu saa kwa mara ya kwanza usiku ule, nikifunga. Kabla ya hapo bei yangu ilikuwa gharama ya malighafi mara mbili, basi, kana kwamba mikono ilikuja bure na mafuta. Kalibu tano, kila moja saa moja na dakika 45 ukijumlisha kuosha vyombo na kukata: saa nane na dakika 45. Kufunga, dakika mbili kwa kipande, karibu saa mbili. Marekebisho, saa tano. Karibu theluthi ya saa zote ilikwenda kwenye betri mbili ndogo. Hata hivyo, bila hizo tano, bei yangu bado ilikuwa ndogo mno. Niliipandisha kwenye agizo lililofuata, na mteja yuleyule akalipa bila neno.

Jagi bado lipo, kabati la vyombo vya sabuni, chombo kisichorudi tena kwenye chakula. Pembeni ya mistari nimeliandika kwa wino usiofutika: MAJI TU.