Wanaofundisha walinda amani, wao ni kina nani?

Wiki iliyopita mdogo wangu alikuja nyumbani jioni, hata maji hajanywa, akanipa simu yake akasema dada nisaidie hapa, hii sentensi nimeirudia mara nne. Ilikuwa kozi ya ulinzi wa amani, zile zinazotolewa na Peace Operations Training Institute ya kule Williamsburg, Virginia, Marekani. Unajisajili kwa intaneti, unadaunlodi kitabu, unasoma mwenyewe kwa muda wako, halafu unafanya mtihani wa maswali 50 na ili upate cheti lazima ufikishe asilimia 75. Yeye ni mwanajeshi, keshaenda misheni Kongo, Beni huko, na anatamani kurudi. Mi ni mwalimu wa Kiingereza sekondari hapa Morogoro. Kwa hiyo tunasoma wawili, yeye ananieleza mambo ya jeshi, mi namweleza lugha.

Sentensi yenyewe ilihusu ni wakati gani mlinda amani anaruhusiwa kutumia silaha kuwakinga raia. Ndefu, ina koma kama saba. Nikamvunjia vipandevipande, akakaa kimya kidogo, akasema dada hapa ndo maisha yetu yalipo, ukikosea upande huu unashtakiwa, ukikosea upande ule unazikwa.

Hayo maneno hayakuniacha. Alipoondoka nikabaki najiuliza, hivi huyu aliyeiandika hii sentensi ni nani? Na aliyeamua kwamba askari wa Tanzania, wa Nepal, wa Uruguay wote waisome hii hii ni nani? Tunajua majina ya makamanda, tunajua katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ila hawa wanaoongoza taasisi za kufundisha hatuwajui kabisa, na wao ndo wanaingia kichwani mwa kijana kabla hata hajapanda ndege. Nikakaa na simu mpaka saa sita usiku nikisoma.

Huyo mwanzilishi wa Williamsburg anaitwa Harvey Langholtz. Nilitegemea nikute jenerali, kumbe ni profesa wa saikolojia wa chuo cha William & Mary, na fani yake ni jinsi binadamu anavyofanya maamuzi. Lakini sio profesa wa darasani tu, kabla ya hapo alikuwa ofisa wa jeshi la ulinzi wa pwani la Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 90 akafanya kazi kwenye ujumbe wa nchi yake Umoja wa Mataifa, kipindi kile kile Somalia, Bosnia na Rwanda zinawaka na walinda amani wanatumwa kwa maelfu huku wengi hawajui hata kazi waliyotumwa inaishia wapi. Mwaka 1995 akaanzisha mpango wa kozi chini ya UNITAR, taasisi ya mafunzo ya Umoja wa Mataifa, na enzi hizo mambo yalikuwa ya karatasi, kitabu kinakuja kwa posta, askari anasoma, anarudisha mtihani kwa posta. Baadaye ikahamia kwenye intaneti, ikasimama yenyewe kama taasisi isiyo ya kibiashara.

Nikamwambia mdogo wangu kwenye simu kesho yake, akafurahi sana. Akasema sasa naelewa kwa nini maswali yao mengi hayakuulizi sheria inasemaje, yanakuuliza utafanya nini. Mtu anayejua akili inavyoyumba mtu akiogopa, huyo ndiye anafaa kumfundisha kijana aliyeko getini saa nane usiku, watu wanakimbilia kambini na watoto mgongoni na huwezi kujua nani kajificha katikati yao. Hilo ni suala la akili kabla halijawa suala la bunduki.

Na wanaoandika kozi zenyewe ni mchanganyiko. Yupo Tim Ford, meja jenerali mstaafu wa Australia, aliwahi kuongoza UNTSO kule Mashariki ya Kati, misheni ya Umoja wa Mataifa iliyo kongwe kuliko zote, ipo tangu 1948, halafu akawa mshauri wa kijeshi pale makao makuu New York. Yupo Julian Harston, mwanadiplomasia Mwingereza aliyezunguka misheni kuanzia Balkani mpaka Sahara Magharibi. Mwanajeshi, mwanadiplomasia, profesa. Huo mchanganyiko nimeupenda na ndo unaonifanya niandike leo.

Maana upande wetu wa Afrika picha ni tofauti kidogo. Accra kuna kituo kikubwa cha mafunzo ya ulinzi wa amani kina jina la Kofi Annan, KAIPTC, kilifunguliwa rasmi 2004, na kwenye mpango wa ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, kabla Mali haijajitoa 2025 walikuwa wamegawana kazi vizuri: Abuja walifundisha ngazi ya juu ya mikakati, Accra ngazi ya kati ya kuendesha misheni, Bamako ngazi ya askari wa uwanjani. Mkuu wa Accra anakuwa ofisa wa juu wa jeshi la Ghana, meja jenerali au mwenye cheo kama hicho wa jeshi la anga. Nairobi, pale Karen, kuna IPSTC, nayo ya mafunzo hayo hayo, ilianza 2001 kama kituo cha jeshi la Kenya, 2006 ikawa ya kimataifa, ina na chuo cha Embakasi chini yake, na mkurugenzi wake anakuwa brigedia wa KDF, jeshi la Kenya. Kwa hiyo kwetu kiti cha juu ni cha mwanajeshi aliyepo kazini, mwenye nyota begani.

Sipingi hilo hata kidogo. Mdogo wangu aliwahi kwenda kozi Karen na aliporudi alikuwa mtu mwingine. Darasa moja kulikuwa na polisi wa Burundi, dada mmoja raia kutoka Uganda wa shirika la misaada, na wanajeshi wa nchi kama tano. Zoezi lao lilikuwa la nchi ya kubuni inaitwa Carana, na hiyo Carana ipo kwenye bara la kubuni linaloitwa Kisiwa, yaani jina la Kiswahili kabisa, imepakana na nchi zinaitwa Katasi, Rimosa na Sumora. Ina makabila yake, ina waasi wake, ina rais wake, ina bandari. Alinichorea ramani yake kwa chaki kwenye sakafu ya jikoni, mama yetu akawa anauliza hiyo nchi ipo wapi mbona haitangazwi kwenye redio. Kiti kile cha Karen kiliwahi kukaliwa pia na mwanamke, Brigedia Joyce Sitienei, na mdogo wangu anasema wasichana wa jeshi la kwetu walilisema sana jina lake.

Ila brigedia anakaa muda gani? Miaka michache, halafu anapangiwa kwingine, ndo jeshi lilivyo. Anakuja mwingine, naye ana mtazamo wake, naye anahama. Tangu 2004 Accra wamebadilisha wakuu mara kadhaa. Sasa somo lililopatikana kwa damu mwaka fulani nani analibeba likae pale pale? Hapa ndo naona umuhimu wa raia kwenye uongozi. Accra wamekuwa na Profesa Kwesi Aning, raia, msomi, akiongoza kitivo cha utafiti kwa miaka mingi huku makamanda wanapita. Mwanajeshi analeta harufu ya uwanjani, raia anatunza kumbukumbu, na chuo kikikosa mmoja wao kinaanza kufundisha vita ya jana au kinafundisha makaratasi.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu ya Semuliki.

Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani Semuliki, Kivu Kaskazini huko Kongo, ilishambuliwa, na Watanzania 15 walipoteza maisha. António Guterres, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati ule, alisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa kwa miaka ya karibuni. Mdogo wangu hakuwa kwenye kambi ile lakini alikuwa anawajua baadhi yao, walikuwa wamegawana sabuni na sigara na vocha. Siku zile nyumbani kwetu simu ikilia hakuna aliyetaka kuipokea. Mama alikuwa anaiangalia tu inalia.

Umoja wa Mataifa ukaunda timu ya uchunguzi chini ya Dmitry Titov, Mrusi, na Machi 2018 wakatoa walichokikuta. Walisema misheni haikuwa na mpango wa dharura unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu wale vijana au kuwatoa. Walitaja matatizo ya uongozi na amri, walitaja upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia, na wakataja pia mapengo kwenye mafunzo. Mi nilisoma neno mafunzo pale nikaweka simu chini. Muda mfupi tu kabla ya hapo kulikuwa na ripoti nyingine ya Jenerali Santos Cruz wa Brazil, yule aliyekuwa kamanda wa MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa Kongo, wakati brigedi ya kuingilia kati, ile iliyoruhusiwa kuwashambulia waasi, inaanza 2013 na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wetu akawa kamanda wake wa kwanza, na yeye alisema tangu 2013 walinda amani 195 walikuwa wameuawa kwa mashambulizi, kuliko kipindi kingine chochote cha miaka mitano.

Sasa mpango wa dharura ni kitu kinachofundishwa. Nani anakuja kukuokoa, kwa njia ipi, barabara ikifungwa je, redio ikikata je. Kama kwenye uongozi wa taasisi ya mafunzo hakuna mtu mwenye kazi moja tu ya kuchukua ripoti kama ile ya Titov na kuigeuza kuwa somo ndani ya mwezi mmoja, basi ile ripoti inabaki faili. Mimi ningekuwa na uwezo ningeweka hicho cheo, na ningempa mtu ambaye hatahamishwa.

Na kuna jambo lingine linaloniuma, naliandika kwa sababu nalipenda jeshi letu. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwarudisha nyumbani askari 60 wa kikosi cha Tanzania kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa tuhuma kwamba 11 kati yao walihusika na unyanyasaji wa kingono dhidi ya watu waliokwenda kuwalinda. Nilimuuliza mdogo wangu, hivi hamfundishwi? Akasema tunafundishwa dada, tunapewa na kadi ndogo ya mfukoni ina marufuku zote, lakini wengi wanaifundisha kama kipindi cha mwisho kabla ya chakula, slaidi kumi, haraka haraka, watu wanaangalia saa.

Somo linawekwa kabla ya chakula kwa sababu kuna mtu kapanga ratiba, na aliyepanga ratiba yupo chini ya uongozi. Mwaka 1993 wanawake walikuwa asilimia 1 tu ya walinda amani wenye sare, mwaka 2020 kwenye vikosi vya kijeshi walikuwa hata asilimia 5 hawajafika. Wachache hivyo uwanjani, wanakuwa wachache pia kwenye vyumba vinapopangwa vipindi. Naamini kabisa wakiwepo wanawake watatu wanne wenye sauti kwenye timu ya uongozi, sio wa kupokea wageni, wa kuamua, kile kipindi kinahamia saa mbili asubuhi watu vichwa vikiwa vizima, na anakifundisha mama aliyewahi kukaa na wasichana wa kambi za wakimbizi akasikia wanachosema.

Mdogo wangu alikuwa na lake. Yeye anasema akipewa nafasi ya kuongea na hao wakubwa wa Williamsburg au Karen, atawaomba kitu kimoja, lugha. Kule Beni mwanakijiji akija kambini kusema kuna watu wameonekana msituni, anakuja na Kiswahili. Redio Okapi, ile ya Umoja wa Mataifa huko Kongo, inatangaza Kiswahili. Askari wetu anakijibu hicho Kiswahili vizuri kuliko mlinda amani mwingine yeyote, huo ni utajiri. Lakini somo la kumlinda yule mwanakijiji alilipata kwa Kiingereza chenye koma saba, na wenzake wengine walilikariri tu wakafaulu.

Basi tumeanza sisi wenyewe. Jumapili mchana akija tunakaa mezani na daftari la mistari, namsomea aya, ananiambia maana yake huko porini ni nini, naandika kwa Kiswahili, anairudia kwa sauti kama anawaambia vijana wake, kwa sababu mwezi ujao ana vijana wa kuwaandaa na anataka waelewe sio wakariri. Tumefika ukurasa wa 14. Kuna neno moja limetuchukua Jumapili mbili, lile wanajeshi wote wanaliita mandeti tu. Mi niliandika mamlaka, akakataa, akasema ukimwambia kijana ana mamlaka atajiona bosi wa kijiji. Nikaandika majukumu, akasema hapana, majukumu hata mpishi anayo. Tukamuuliza mama, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, akauliza hao watu waliwatuma mkafanye nini? Mdogo wangu akachukua kalamu akaandika mwenyewe, kazi tuliyotumwa na mipaka yake.