Tafuta msimamizi kabla ya kulipa ada: uchambuzi wa tabia ukiwa Dodoma

Mchambuzi wa tabia ni mtaalamu anayepima tabia ya mtu, kwa mfano mtoto mwenye usonji, na kupanga namna ya kuibadilisha. Ukiuliza mtandaoni namna ya kuwa mchambuzi wa aina hiyo mwenye cheti, karibu kila ukurasa utakutajia BCBA, cheti cha bodi ya Marekani iitwayo BACB. Kisichosemwa sana ni kwamba tangu 1 Januari 2023 bodi hiyo haipokei maombi mapya ila kwa wakazi wa nchi chache, na Tanzania haimo. Unaweza kumaliza kozi yote ukiwa Nzuguni au Area C na bado usiruhusiwe kukaa kwenye mtihani wake. Anayeutaka ahesabu gharama za kwenda kuishi Marekani au Kanada. Anayebaki huku aangalie vyeti vya IBAO na QABA, mashirika mengine ya uchambuzi wa tabia, yanayopokea waombaji kutoka nchi nyingine. Ajue tu kuwa Marekani, leseni za majimbo mengi zimejengwa juu ya BCBA.

Hata hivyo, masharti ya BCBA yanafaa kukuonyesha ukubwa wa kazi: shahada ya uzamili, saa 315 za masomo maalumu, kisha saa 2,000 za vitendo, ambazo angalau asilimia 5 ziwe chini ya usimamizi wa mchambuzi mwenye cheti. Ukipiga saa 80 kwa mwezi, unahitaji saa 4 za msimamizi mwezi huo, na safari nzima ni miezi 25.

Wengi hukwama kwenye saa hizo, wala si darasani. Saa zilizofanyika kabla ya kuanza masomo au kabla ya kusaini mkataba na msimamizi hazihesabiwi. Fomu ya mwezi isiyosainiwa kwa wakati inaweza kukupotezea mwezi mzima. Tena asilimia 60 ya saa lazima iwe kazi ya kichwa: kutathmini, kuchora grafu, kuandika mpango, kufundisha wazazi na walimu. Kukaa na mtoto mwenye usonji mezani kutwa nzima ni kazi njema, lakini hakujazi fungu hilo.

Halafu kuna saa za ukutani. Msimamizi aliyeko New York akifungua kompyuta saa 4 asubuhi yake, Dodoma ni saa 11 au 12 jioni, na watoto wameshatoka shule. Wa Uingereza ni rahisi zaidi, maana tofauti ni saa 2 au 3 tu. Ukilazimika kurekodi video ili msimamizi aitazame baadaye, pata kwanza ridhaa ya mzazi kwa maandishi, kwa Kiswahili anachokielewa (Kigogo kwa mdomo, ikibidi), ikitaja nani ataiona na itafutwa lini. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na video ya mtoto darasani si kitu cha kutupia kwenye kundi la WhatsApp.

Ukisubiri hayo, anza kujizoeza kupima. "Anasumbua" haipimiki. "Anapiga meza kwa kiganja hadi sauti isikike" inapimika. Andika kilichotangulia, tabia yenyewe, na kilichofuata. Mwombe mwenzako ahesabu tabia hiyo katika kipindi hichohicho bila kuchungulia karatasi yako. Wewe ukipata 20 naye 18, gawa ndogo kwa kubwa, zidisha kwa 100: mmekubaliana kwa asilimia 90. Ikishuka chini ya 80, usimlaumu mwenzako; mara nyingi maelezo ya tabia ndiyo yamelegea.

Kiimarishi, yaani kile anachopewa mtoto baada ya tabia ili airudie, nacho hakichaguliwi kwa kukisia. Weka ubuyu, karanga, zabibu na mpira mbele ya mtoto, viwili viwili, uone anachonyoosha mkono kukichukua. Kwa wadogo, karanga nzima ziache, zinapalia. Na mtoto aliyetoka kunywa uji saa ileile hatajali ubuyu wako: kiimarishi hufanya kazi pale tu anapokitamani.

Taaluma ya msingi usiiache. Ualimu wa elimu maalumu, ustawi wa jamii, uuguzi au saikolojia ndivyo vinavyokupa ajira huku, na cheti cha tabia kinakuja juu yake. Kama uzamili utausomea nje, hata kwa mtandao, iulize TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) juu ya utambuzi wa chuo hicho kabla hujatuma malipo ya kwanza, na chuo chenyewe kiulize kwa barua pepe nani atakusimamia, saa ngapi kwa mwezi, na kwa bei gani.